Kuchagua baiskeli ya umeme kwa njia yenye milima ukiwa na bajeti ndogo

Mtu anayepanda mlima kila siku kwenda kazini hawezi kuchagua baiskeli ya umeme kwa vigezo vya mtu wa tambarare. Matangazo hutanguliza mambo mawili, yaani kasi ya juu na umbali unaofikiwa kwa chaji moja, na yote mawili kwa kawaida hupimwa katika hali ambayo sisi wa milimani hatuikuti mara nyingi: barabara bapa, mwendeshaji mwepesi, upepo umetulia na msaada wa mota umewekwa katika kiwango cha chini. Kwa miaka kadhaa nimekwenda kazini kwa baiskeli ya umeme katika njia inayopanda na kushuka, na nimewasaidia ndugu na wafanyakazi wenzangu kuchagua za kwao wakiwa na fedha za kubana. Msimamo niliofikia ni kwamba baiskeli ipimwe kwa ule mwinuko mkali kuliko yote katika njia yako. Ikiupanda kwa utulivu, bila mota kuchemka na bila wewe kufika umelowa jasho, sehemu nyingine za njia hazitakusumbua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika barabarani, kabla hujaingia dukani. Ukali wa mlima hutajwa kwa asilimia: mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 unazosogea mbele unapanda mita 8. Programu za ramani katika simu huonyesha mwinuko wa njia nzima, lakini mara nyingi hutoa wastani, na wastani huficha kile kipande kifupi kinachokata pumzi. Mimi hutumia pimamaji ya fundi yenye urefu wa mita 1. Unailaza juu ya lami ikielekea mlimani, unainua ncha ya upande wa chini mpaka povu likae katikati, kisha unapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na lami. Sentimita 8 ni asilimia 8, sentimita 12 ni asilimia 12. Pima mahali kadhaa, hasa kwenye kona, kwa sababu upande wa ndani wa kona ya mlima huwa mkali kuliko upande wa nje, na huenda ndio upande unaolazimika kuupita magari yanapokupita.

Ukishapata namba hiyo, hesabu yake si ngumu. Mimi, baiskeli yangu na begi la kazini tunafikia kilo 100 hivi. Kuupandisha uzito huo katika mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa kunahitaji wati 260 hivi za kunyanyua tu, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi na upepo. Katika tambarare, uzito uleule ukienda kilomita 20 kwa saa unahitaji wati 100 au zaidi kidogo. Mlima, basi, unadai karibu mara tatu ya nguvu ya tambarare, tena ukiwa unakwenda polepole. Mtu mwenye afya asiyetaka kufika ofisini akitweta anaweza kutoa wati 100 kwa miguu yake bila taabu kubwa. Zinazobaki lazima zitoke kwenye mota, dakika baada ya dakika, mpaka kileleni.

Wengi wakisikia hayo hukimbilia kusoma wati zilizoandikwa kwenye mota, na namba hiyo huwapotosha. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250 za kudumu, ambayo msaada wake hukatika inapofikia kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida, na ndiyo maana wati 250 huonekana kwenye baiskeli nyingi sana. Namba hiyo inaeleza kiasi ambacho mota inaweza kuhimili mfululizo. Kiasi inachoweza kutoa kwa muda mfupi ni jambo jingine. Baiskeli mbili zenye maandishi hayohayo zinaweza kutofautiana sana mlimani. Yapo mambo mawili yanayosema kweli zaidi. La kwanza ni kiasi cha umeme ambacho kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti mota, inaruhusu kutoka kwenye betri: kontrola ya amperi 15 katika mfumo wa volti 36 inaweza kuvuta wati 540, ilhali ya amperi 10 inaishia kwenye 360. La pili ni nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita na huandikwa Nm. Muulize muuzaji namba hizo mbili, na kama hazijui, tafuta kibandiko kwenye kontrola au kitabu cha maelezo.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo ndilo kiini cha matumizi ya fedha zako: mota ikae wapi? Iko ya habu, inayokaa ndani ya gurudumu, na iko ya kati, inayokaa kwenye pedali. Mota ya habu huzungusha gurudumu moja kwa moja, kwa hiyo haifaidiki na gia za baiskeli hata kidogo. Mlima ukikupunguza mwendo hadi kilomita 7 kwa saa, mota nayo inazunguka polepole vivyo hivyo, na mota ya umeme inayolazimishwa kuzunguka polepole chini ya mzigo mzito hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Mota ya kati hupitisha nguvu yake kwenye mnyororo, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda hata kama baiskeli inatambaa. Kwa milima mirefu na mikali mota ya kati ni bora, na sioni sababu ya kuzungukazunguka jambo hilo. Ubaya wake ni bei, na pia kwamba mnyororo na gia za nyuma, vikibeba nguvu yako na ya mota pamoja, huchakaa mapema.

Hata hivyo, ubora huo haumaanishi kwamba mwenye fedha kidogo amefungiwa mlango. Kwa ninavyoona, kama kipande kikali cha njia yako hakizidi asilimia 8 na uzito wote uko karibu na kilo 100, mota nzuri ya habu yenye Nm 40 au zaidi itakutosha. Kati ya asilimia 8 na 12 itakufaa ikiwa kipande chenyewe ni kifupi na uko tayari kukanyaga kwa bidii. Kama unakabiliwa na asilimia 10 au zaidi kwa nusu kilomita mfululizo, ningekushauri usubiri, uongeze akiba, au utafute ya mota ya kati iliyotumika, kwa sababu mota ya habu inayochemshwa kila siku haitakaa muda mrefu.

Mota za habu zenyewe ni za aina mbili, na muuzaji anaweza asikuambie tofauti yake. Iko yenye gia ndogo ndani yake, ambayo huwa nyepesi na huvuta vizuri katika mwendo mdogo, na iko isiyo na gia, ambayo ni pana, nzito, na hupendeza zaidi katika kasi ya tambarare. Wa milimani achukue yenye gia. Kuzitambua ni rahisi: zima umeme, nyanyua gurudumu, ulizungushe kwa mkono. Mota yenye gia huacha gurudumu lizunguke huru kuelekea mbele na hukaza kidogo ukilirudisha nyuma. Isiyo na gia utaihisi ikikwamakwama pande zote mbili, kwa sababu sumaku zake zinavutana na chuma muda wote.

Ukubwa wa gurudumu ni jambo ambalo watu wenye bajeti ndogo hulipuuza, na kwangu ndilo lililoleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo kabisa. Mota ya habu ya Nm 40 katika gurudumu la inchi 28 husukuma barabara kwa nguvu ya nyutoni 114 hivi. Mota ya Nm zilezile katika gurudumu la inchi 20 husukuma kwa nyutoni 160, kwa kuwa umbali kutoka ekseli hadi barabarani ni mfupi zaidi. Kilo 100 katika mwinuko wa asilimia 8 zinavuta nyuma kwa nyutoni 85 hivi, msuguano wa matairi ukiwemo; katika asilimia 12 zinafikia 125. Utaona kwamba gurudumu kubwa linashindwa katika mwinuko wa pili bila msaada wa miguu, ilhali dogo bado lina akiba. Baiskeli ninayoitumia sasa ni ya magurudumu ya inchi 20, na hupanda kwa utulivu mahali ambapo baiskeli kubwa ya bei ileile hulalamika. Gharama yake ni kwamba gurudumu dogo huyahisi mashimo zaidi, kwa hiyo chagua yenye tairi pana za inchi 2 au zaidi, na usitarajie kasi kubwa kwenye tambarare.

Gia hazipaswi kusahaulika hata kama mota ni ya habu, kwa kuwa miguu yako ndiyo inayojaza pengo. Baiskeli nyingi za bei ya chini huja na gia ya mbele ya meno 42 hadi 46, na gia kubwa ya nyuma ya meno 28. Meno 42 mbele na 28 nyuma, katika gurudumu la inchi 28 na ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, inakupeleka karibu kilomita 12 kwa saa. Mlima ukikushusha chini ya hapo, miguu inaanza kusukuma kwa shida na magoti yanalipa. Kubadilisha friwili, yaani fungu la gia za nyuma, kuwa yenye gia kubwa ya meno 34 kunakushusha hadi karibu kilomita 10 kwa saa kwa mizunguko ileile, na ni kazi ambayo fundi wa baiskeli wa kawaida huimaliza haraka kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya baiskeli. Kama ningelazimika kutaja badiliko moja tu la kufanya kwenye baiskeli ya bei nafuu, ningelitaja hilo.

Kuhusu sensa, yaani vitambuzi vinavyoiambia mota lini isaidie, ziko zinazotambua tu kwamba pedali zinazunguka, na ziko zinazopima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Za pili hutoa msaada kwa ulaini zaidi na hutumia betri kwa uangalifu, lakini huongeza bei. Za kwanza zinavumilika, isipokuwa kwa jambo moja la mlimani: baadhi yake huchelewa kuamsha mota mpaka pedali zimezunguka kiasi, na hapo ndipo unapoyumba ukijaribu kuondoka katikati ya mwinuko. Kama baiskeli ni ya sensa ya aina hiyo, iwe na kitufe au mpini wa kuongeza mwendo kwa mkono, ikiwa sheria za mahali ulipo zinaruhusu.

Sasa betri, ambayo mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote katika baiskeli, na ndiyo inayonunuliwa kwa hofu kuliko kwa hesabu. Zidisha volti kwa amperi-saa upate wati-saa: volti 36 na amperi-saa 10 ni wati-saa 360. Kunyanyua kilo 100 kwa mita 100 za kimo kunahitaji wati-saa 27. Mota hupoteza sehemu ya umeme kama joto, na miguu yako huchangia sehemu ya kazi, kwa hiyo mimi huhesabu wati-saa 30 kwa kila mita 100 za kupanda na wati-saa 6 kwa kila kilomita ya kawaida. Chukua njia ya kilomita 8 yenye kupanda kwa jumla ya mita 150: ni wati-saa 48 za umbali na 45 za mlima, jumla 93. Hata kama kurudi kutadai kiasi hichohicho, huvuki 190. Betri ya wati-saa 400, ukiondoa theluthi moja kwa ajili ya kuzeeka kwake, baridi na kutoikausha kabisa, inakutosha kwenda na kurudi.

Ninasisitiza hesabu hii kwa sababu nimewaona watu wakilipia betri ya wati-saa 700 juu ya mota dhaifu, wakidhani kwamba ukubwa wa betri ndio nguvu ya kupanda. Betri kubwa inakupeleka mbali zaidi, lakini haiisaidii sana mota iliyoshindwa mlima. Zaidi ya hayo inaongeza uzito unaoupandisha. Lakini usiende chini mno pia. Betri ndogo sana ina seli chache, na kila seli hulazimika kutoa umeme mwingi mlimani, volti zinashuka, na baiskeli inaweza kuzimika katikati ya mwinuko ilhali kioo kinaonyesha kwamba chaji ipo. Wati-saa 400 hadi 500 ndicho kiwango ninachokiona cha busara kwa safari za mjini zenye milima.

Katika betri kuna mahali pamoja ambapo sikubaliani kabisa na kubana matumizi, nako ni usalama. Betri za lithiamu zilizoundwa vibaya huwaka moto mkali usiozimika kirahisi, na huwaka ndani ya nyumba za watu, mara nyingi zikiwa kwenye chaji. Tafuta alama ya kiwango cha UL 2271 kwa betri au UL 2849 kwa mfumo mzima wa umeme, au ya kiwango cha Ulaya cha EN 15194 kwa baiskeli yenyewe. Tumia chaja iliyokuja nayo au inayotajwa na mtengenezaji. Kataa betri iliyofunguliwa na kujazwa seli zisizojulikana asili yake hata ukipewa kwa robo ya bei, na usichajie karibu na mlango ambao ndio njia yako ya kutokea.

Anayetafuta ya kupanda husahau kwamba atashuka. Nishati ileile iliyokunyanyua mita 100 inapaswa kwenda mahali fulani wakati wa kurudi, nayo inakwenda kwenye breki kama joto. Baiskeli ya umeme, yenye kilo 20 hadi 28 bila mtu, inazichosha breki kuliko baiskeli ya kawaida. Breki za diski za mafuta ndizo ninazozipendekeza, kwa kuwa hushika kwa vidole viwili na hujirekebisha zenyewe pedi zinapokwisha. Kama bajeti inakuachia za waya tu, zinafaa endapo ni za diski, diski ya mbele ina kipenyo cha milimita 180, na uko tayari kuzikaza mara kwa mara. Baiskeli yenye breki za rimu peke yake siwezi kuipendekeza kwa mteremko mrefu wa kila siku, hasa wakati wa mvua. Muuzaji akikuambia kwamba mota itakusaidia kufunga breki na kurudisha chaji, kumbuka ile mota ya habu yenye gia: gurudumu lake huzunguka huru kuelekea mbele, kwa hiyo haiwezi kufanya hivyo.

Njia mbili za kupunguza gharama zinastahili kuzungumziwa. Ya kwanza ni kuweka mota katika baiskeli uliyonayo. Seti za mota ya kati, kama Bafang BBS02 na Tongsheng TSDZ2, huingia kwenye fremu nyingi za kawaida na hukupa uwezo wa mlimani kwa fedha ambazo zisingetosha kununua baiskeli nzima ya aina hiyo. Hakikisha kwanza kwamba fremu haina nyufa, rimu ni imara, na breki zinatosha uzito mpya. Seti ya habu ya gurudumu la mbele ni rahisi zaidi kuifunga, lakini mlimani uzito wako huhamia nyuma na gurudumu la mbele huteleza kwenye kokoto na lami iliyolowa, kwa hiyo kwa milima weka nyuma. Funga pia kile kipande cha chuma kinachozuia ekseli kujizungusha kwenye fremu, kwa sababu ekseli ikichomoka ukiwa katika mwendo utaumia.

Ya pili ni kununua iliyotumika, na hapo swali kubwa ni afya ya betri. Betri nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na huzeeka hata zikikaa bila kutumika. Uliza umri wake, na kabla ya kukubaliana bei, ulizia bei ya betri mpya ya aina hiyohiyo na kama bado inatengenezwa. Baadhi ya mifumo haikubali betri ya kampuni nyingine, kwa hiyo betri ikifa baiskeli nzima inabaki bila msaada wowote.

Iwe mpya au iliyotumika, ijaribu mlimani, betri ikiwa nusu, kwa sababu betri iliyojaa huficha udhaifu. Simama katikati ya kipande kikali, kisha ondoka ukiwa umekaa kitini. Panda mpaka juu, shuka, uguse habu kwa nyuma ya kiganja: vuguvugu ni sawa, lakini ikikufanya uondoe mkono haraka, mota hiyo ni ndogo kwa njia yako. Halafu zima umeme uisukume kwa mkono mita chache mlimani, na kama unaishi ghorofani, inyanyue ngazi kadhaa. Angalia pia gurudumu lenye mota linavyofunguliwa. Nyaya zake ziwe na kiungio kinachochomoka karibu na ekseli, la sivyo pancha ndogo itakupeleka kwa fundi kila mara.

Usimalize fedha zote siku ya kununua. Baki na akiba ya kufuli imara, pampu, pedi za breki na mnyororo wa pili. Mnyororo wa baiskeli inayopanda milima upimwe kwa rula ungali umefungwa: pini 25 zinazofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, zikiwa mpya ni milimita 305 kasoro kidogo. Urefu huo ukizidi milimita 306, badilisha mnyororo wiki hiyohiyo, kabla haujayala meno ya gia za nyuma na kukulazimisha kununua vyote viwili.